Mali Bila Daftari

Kogo alianguka Jumanne moja ya mvua, mwezi wa saba, kwenye ngazi mbili za jikoni kwake upande wa Mosoriot. Hakuanguka kutoka juu ya mti, wala hakugongwa na nduthi. Aliteleza tu, akakaa chini vibaya, na mfupa ukakatika pale paja linapoungana na nyonga. Sotet ya mursik aliyokuwa ameishika haikuvunjika. Njiani kuja Eldoret, akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha Probox ya jirani, alituambia hilo mara tatu, kana kwamba ndiyo habari kuu ya siku.

Hospitali sitaitaja. Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mwema aliyechoka, na ninachotaka kusema hakimhusu yeye peke yake. Kogo alipigwa picha, akapewa kitanda, mguu ukafungwa kamba na uzito ukaning'inizwa mwisho wa kitanda ili mfupa usizidi kupishana. Halafu tukaambiwa tusubiri. Foleni ya upasuaji ni ndefu. Chuma kinunuliwe. Damu itafutwe. Anko akafungua group ya WhatsApp, michango ikaanza kuingia mia tano mia tano, na sisi tukajifunza kukaa kwenye benchi.

Tulikaa siku 19.

Siku ya kumi hivi, sista wa zamu aliniita nimsaidie kutafuta namba ya Kogo kwenye daftari la wodi. Si unalijua lile daftari kubwa lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa kalamu na rula? Jina, umri, kijiji, ugonjwa, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Nikapata jina la Kogo. Kwenye safu ya umri hakukuwa na namba. Palikuwa na neno moja la Kiingereza la kusema kwamba huyu ni mtu mzima, basi. Mstari wa juu yake kulikuwa na kijana wa nduthi, naye mtu mzima. Bibi wa miaka themanini na kitu, na kijana aliyegongana na lori, kwenye daftari walikuwa mtu mmoja.

"Sista," nikamuuliza, "bibi kama huyu, wa kuvunjika nyonga, mlipata wangapi mwaka jana?"

"Ni wengi, kijana."

"Wengi wangapi?"

Akacheka bila ubaya. "Wengi tu."

Jibu lile lilinikaa kichwani kuliko bili. Kuna methali tuliyokaririshwa shuleni: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliambiwa inahusu biashara, mwenye duka asiyeandika madeni. Mimi nilianza kujiuliza kama inahusu pia nyanya zetu. Na nilipoanza kusoma, nikagundua kitu kilichonifanya nione aibu kidogo: kwamba mji wangu una historia ndefu ya madaftari, na sehemu ya historia hiyo ilianzia mahali ambapo Kogo alikuwa akienda kununua sukari.

*

Eldoret wenyewe ulizaliwa ndani ya daftari. Wazee bado wanauita Sisibo, yaani Sixty-Four iliyopita kwenye ndimi zetu, kwa sababu mji ulikua penye shamba namba 64 katika hesabu ya mashamba waliyogawiwa walowezi mwanzoni mwa karne iliyopita. Daftari lile liliandika ekari. Halikuandika waliokuwa wakilisha ng'ombe hapo kabla ya ekari. Hilo ndilo somo la kwanza la daftari lolote: safu zake zinaamua nani anaonekana.

Sasa ruka hadi mwaka 1999. Moi University, iliyoanzishwa 1984, tayari ilikuwa na shule ya udaktari mjini, na hospitali ya zamani ya wilaya ilikuwa imepandishwa kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ile kila mtu anaiita Referral. Mwaka huo ndipo ilipoanzishwa Rejista ya Saratani ya Eldoret. Kazi ya rejista kama hiyo haina shangwe. Mtu anazunguka wodi, anaingia maabara, anafukua mafaili, anauliza: huyu ana umri gani, anatoka wapi, saratani yake ilianzia wapi, ilithibitishwa vipi, yu hai? Anaandika. Kesho anarudi.

Lakini ukifanya hivyo miaka kadhaa, kitu kinajitokeza ambacho hakuna daktari mmoja angeweza kukiona akiwa peke yake kwenye chumba chake. Takwimu za Eldoret zilionyesha jinsi saratani ya umio, lile koo la kupitishia chakula, ilivyo nzito katika Bonde la Ufa na magharibi. Watafiti wamekuwa wakiuliza maswali ambayo kwetu ni ya mezani kabisa: chai tunayoinywa ikiwa moto kupita kiasi, pombe, hata mursik. Hiyo ndiyo tofauti kati ya "ni wengi" na namba. "Ni wengi" inafunga mazungumzo. Namba inaleta swali la pili.

Na Eldoret haikubuni jambo hili. Kampala walikuwa na rejista ya saratani tangu 1954. Ni katika mji huohuo ambapo mpasuaji Denis Burkitt, mwaka 1958, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu kwenye taya za watoto, kisha akatuma vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za mbali akiuliza: mmeona hii? Majibu aliyachora kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka Afrika Mashariki na kusini zaidi kuuliza ana kwa ana. Rejista ya Kampala ilikatika miaka ya Amin, ikafufuliwa baadaye. Hilo nalo linasema kitu. Daftari halihitaji umeme wala mtandao ili liwepo, lakini linahitaji nchi iliyotulia na mtu anayelipwa mshahara.

*

Mwaka 2001 historia hii ilifika kwa jirani zangu. Mosoriot ni kituo kidogo kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, kilomita chache kutoka Eldoret. Kina kituo cha afya. Mwezi wa pili mwaka huo, madaktari wa Moi University pamoja na wenzao wa Indiana University ya Marekani, waliokuwa wakishirikiana tangu miaka ya mwisho ya themanini, walifunga hapo mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa. Joseph Rotich, William Tierney na Terence Hannan ni kati ya walioandika habari zake kwenye majarida ya udaktari. Ulikuwa mmoja wa mifumo ya kwanza kabisa ya aina yake katika kituo cha afya cha mashambani kusini mwa Sahara.

Usifikirie maajabu. Mgonjwa alisajiliwa, akapewa fomu ya karatasi, akaenda nayo kwa mhudumu, maabara, dawa. Akitoka, karani anaingiza yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Ni hivyo tu. Watafiti walikuja na saa, wakapima kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Na wahudumu, hii ilinichekesha, walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi. Ukiwahi kumwona muuguzi akila chapati akiwa amesimama, utajua kwamba hilo si jambo la kudharau.

Mwaka huohuo ukaja moto mwingine. Ukimwi ulikuwa ukizoa watu, na wodi za Referral zilijaa vijana wa kufa. Mwaka 2001 Moi na Indiana walianzisha AMPATH kutibu watu ambao wakubwa wengi duniani walikuwa wakisema hawawezi kutibiwa, eti Waafrika hawatafuata saa za dawa. Ili kuwajibu, haikutosha kugawa vidonge. Ilibidi kujua nani amekuja, nani hajaja, uzito wake umepanda au umeshuka, kinga yake iko wapi. Mfumo wa Mosoriot ukapanuliwa ukabeba kazi hiyo. Wagonjwa walipoongezeka, ukaanza kulemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin walikuja Eldoret kuuangalia, na kutokana na safari ile ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila kulipa. Mwaka 2006 ilikuwa ikifanya kazi Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, ile unayoiona kwenye kompyuta za kliniki kote nchini, imejengwa juu yake.

Kwa hiyo tuelewane. Ukisikia mtu akisema Afrika haiwezi rekodi, mpeleke Mosoriot. Tuliweza. Mtu mwenye virusi akikosa kliniki, kulikuwa na mtu wa kuona pengo lake kwenye orodha na mtu wa kwenda kumtafuta kijijini. Vijana wa wakati ule waliokuwa wamehesabiwa wafu leo wana wajukuu.

Kogo aliishi umbali wa kutembea kutoka kituo kile. Lakini siku alipovunjika nyonga, hapakuwa na safu yake.

*

Kwa nini safu? Si angehitaji tu daktari na chuma?

Hapa inabidi nikueleze nyonga. Mwanamke akishapita umri wa kuzaa, mifupa yake hupungua uzito polepole, bila kelele, mpaka kuteleza kidogo kunatosha kuukata. Mfupa huo si kama wa mkono, wa kufungwa plasta ukarudi kupika. Mzee anayelazwa chali kwa wiki anapata vidonda vya kulalia. Mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, akili inapotea usiku anaita watu waliokufa zamani. Ndiyo maana Uingereza wanahimiza upasuaji ndani ya saa 36. Mara nyingi mfupa wenyewe hauui. Kinachoua ni kusubiri.

Sasa, nani alijua kwamba kusubiri kunaua, na kwa kiasi gani? Walioandika. Sweden walianzisha rejista ya waliovunjika nyonga mwaka 1988. Uingereza wakaanza yao 2007, wapasuaji wa mifupa wakishirikiana na madaktari wa wazee. Maswali yake ni machache: alikaa saa ngapi kabla ya upasuaji? Daktari wa wazee alimwona? Alipata vidonda vya kulalia? Alipewa dawa ya mifupa asivunjike tena? Yu wapi baada ya siku 30? Na matokeo ya kila hospitali yanatangazwa hadharani, kwa jina.

Kuanzia 2010, England ikaongeza pesa kwa hospitali kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa kwa kipimo hicho. Kati ya 2007 na 2011, waliopasuliwa siku ileile au siku iliyofuata walipanda kutoka asilimia 54.5 hadi 71.3. Waliokufa ndani ya siku 30 walishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katikati ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba kila hospitali ilijua inatazamwa, na ikawa na pa kuanzia kujirekebisha.

Mzizi wa wazo hili uko nyuma zaidi. Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1900, palikuwa na mpasuaji aliyeitwa Ernest Codman. Alitembea na kadi mfukoni. Kila mgonjwa aliyempasua alikuwa na kadi yake, na mwaka mmoja baadaye Codman alimtafuta kujua: ulipona? Kama hukupona, kosa lilikuwa wapi? Akataka hospitali yake kubwa ifanye vivyo hivyo. Ikakataa, naye akajiuzulu 1914. Katika hospitali ndogo aliyoifungua mwenyewe, alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 na akakiri makosa 123, akayataja. Mwaka 1915 alionyesha mbele ya madaktari wenzake katuni ya kuwacheka matajiri wa mji na waganga wao, na baada ya hapo marafiki wakapungua sana. Alikufa 1940, akazikwa bila jiwe la kaburi. Lilikuja kuwekwa 2014.

Namfikiria Codman kila nikikumbuka daftari la wodi. Safu ya mwisho kabisa ilikuwa tarehe ya kutoka. Hapo ndipo hadithi ya kila mgonjwa iliishia, mlangoni.

*

Kogo alipasuliwa siku ya 19. Chuma kilikaa vizuri. Tulionyeshwa picha, msumari mweupe ndani ya kivuli. Lakini mgongoni alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, na alikuwa amekonda kiasi kwamba pete ilimtoka yenyewe. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mtu alifanya sehemu yake, na siku zikapita kati ya sehemu moja na nyingine, bila mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzihesabu.

Tulimrudisha nyumbani mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja alifariki, kwa kifua. Tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na zizi.

Kwenye daftari lile, kama halijaliwa na panya, imeandikwa kwamba aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ukihesabu waliotoka wazima na waliokufa wodini, Kogo yuko upande wa waliofanikiwa. Hakuna aliyepiga simu baada ya siku 30. Hakuna aliyepiga baada ya siku 100. Namba ya anko ilikuwa pale kwenye faili, ileile iliyotumika kutukumbusha bili.

Najua majibu. Hatuna pesa, na chuma kitaendelea kuwa ghali hata tukiandika vipi. Kweli. Ila jiulize: bila kujua ni wazee wangapi wanavunjika nyonga kwa mwaka, hospitali itaagiza vyuma vingapi? SHA italipia nini, kwa hesabu gani? Ukimwi ulipata rejista kwa sababu wafadhili walidai kuona kila dola imeenda wapi. Nyonga ya bibi haina mfadhili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini, na sisi tunaosoma hii kwenye simu ndio tutakaoongeza namba hiyo. Watu wanaishi zaidi, kwa sehemu ni kwa sababu ya kazi kama ile ya Mosoriot. Ukimwokoa mtu akiwa na miaka thelathini, inabidi umpangie nyonga yake ya miaka themanini.

Jibu la pili ni la siri. Watu wanaogopa kuandikwa, na wana sababu. Jina kwenye orodha ya virusi liliwahi kuvunja ndoa. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na rejista nzuri inahifadhi majina mahali pa kufungwa, inatoa hesabu tu. Nyonga haina aibu ya ukimwi, lakini heshima ni ileile.

Na jibu la tatu lilikuwa la Kogo mwenyewe. Yeye hakupenda kuhesabu. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alikukemea: watoto hawahesabiwi, unaita balaa. Ng'ombe vilevile. Nikiwa mdogo nilidhani hajui hesabu. Siku moja jioni walirudi kutoka malishoni, akasimama langoni, akatazama mara moja tu, akauliza, "Na yule wa pembe moja yuko wapi?" Alikuwa amebaki kwa jirani. Kogo hakuwa na idadi kichwani. Alikuwa na kila mmoja: jina lake, rangi yake, alizaa lini, anachechemea mguu gani.

Nadhani rejista nzuri ni hiyo. Daftari la wodi linajua idadi ya vitanda. Rejista inasimama langoni jioni na kuuliza nani hajarudi.

Siku hizi nikipita Nandi Road naona wazee wakishushwa kwenye matatu na probox, mguu mmoja umepinda nje, mfupi kuliko mwenzake. Ukishaona mara moja, unaitambua. Juzi nilimwona mama mmoja hivyo, ameshikwa na vijana wawili, na mkononi amefumbata kibeti chake kama vile ndicho kilichoumia. Nilisimama mpaka wakaingia getini. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikatoa simu nikaandika tarehe na saa.